Henry Rider Haggard (1856–1925): Maisha Yake, Misururu ya Riwaya Zake na Msomaji wa Kiswahili

1.0 Utangulizi

Wapenzi wa vitabu wanapokutana, swali la kwanza baada ya salamu aghalabu huwa ni lilelile: unasoma nini siku hizi? Jibu lake huzaa pendekezo, na pendekezo huzaa mjadala. Kwa wasomaji wengi wa leo, hasa vijana, mapendekezo hayo huhusu misururu ya riwaya za kifantasia, yaani vitabu vinavyofuatana vikiwa na wahusika walewale na ulimwengu uleule wa kubuni. Hutajwa Tolkien, hutajwa Lewis, na hutajwa waandishi wa karibuni zaidi. Ni nadra kumsikia mtu akimtaja Henry Rider Haggard, ingawa sehemu kubwa ya njia wanayoipita waandishi hao ilifyekwa na yeye, na ingawa yeye, tofauti na wao, aliiweka sehemu kubwa ya ulimwengu wake wa ajabu katika bara letu na hata katika bandari zetu za Lamu na Kilwa.

Makala haya yanakusudia kuyasimulia maisha ya mwandishi huyo, kuieleza misururu mikuu ya riwaya zake, na kulijibu swali ambalo mwalimu wa fasihi hawezi kulikwepa: je, inafaa kumpendekeza Haggard kwa msomaji wa Kiswahili? Swali hili si jepesi. Ngũgĩ wa Thiong'o, katika kitabu chake cha mwaka 1986 kuhusu kuikomboa akili kutokana na ukoloni, alimtaja Haggard miongoni mwa waandishi walioichora Afrika kwa jicho la ubaguzi. Hukumu hiyo ina msingi. Hata hivyo, hukumu bila kusoma ni uvumi, na maoni yetu ni kwamba maisha ya mtu huyu yanatoa mwanga ambao vitabu vyake pekee havitoi.

2.0 Utoto na Safari ya Natal

Haggard alizaliwa tarehe 22 Juni 1856 huko Bradenham, katika mkoa wa Norfolk, mashariki mwa Uingereza. Alikuwa mtoto wa nane katika familia ya watoto kumi. Baba yake, William Haggard, alikuwa mwenye shamba na mwanasheria, mtu wa sauti kubwa na hasira za haraka. Mama yake, Ella, alikuwa mpenzi wa mashairi na mtunzi pia. Ndugu zake wakubwa walipelekwa katika shule za fahari, lakini yeye hakuonekana kuwa na akili ya kustahili gharama hiyo. Alisoma katika shule ya kawaida ya mji wa Ipswich, akaushindwa mtihani wa kuingia jeshini, kisha akapelekwa London kujiandaa kwa mtihani wa Wizara ya Mambo ya Nje ambao hakuufanya.

Mwaka 1875, Sir Henry Bulwer aliteuliwa kuwa Naibu Gavana wa koloni la Natal, kusini mwa Afrika. Baba yake Haggard, aliyekuwa jirani wa familia ya Bulwer, aliomba kijana wake achukuliwe katika msafara huo. Hivyo ndivyo kijana wa miaka 19, asiye na shahada wala kazi, alivyofika Afrika. Huko Uingereza alimwacha msichana aliyempenda, Lilly Jackson, kwa tumaini la kumrudia atakapopata cheo.

Natal ilimpa kile ambacho shule haikumpa. Alijifunza kiasi cha Kizulu, akasikiliza masimulizi ya wazee juu ya Shaka na Dingane, na mwaka 1876 akashuhudia ngoma ya vita ya Wazulu ambayo aliiandikia makala iliyochapishwa Uingereza mwaka uliofuata. Katika msafara wa Sir Theophilus Shepstone, afisa aliyeshughulikia mambo ya Waafrika, alikutana na M'hlopekazi, mzee wa Kiswazi mwenye kovu kichwani na shoka mkononi, msimulizi hodari wa vita alivyopigana. Jina la mzee huyo, baada ya kubadilishwa tahajia kidogo, ndilo lililokuja kuwa Umslopogaas, shujaa mkubwa kuliko wote katika riwaya za Haggard. Tutamrudia mzee huyu baadaye, kwani ana hoja ambayo makala haya hayawezi kuipuuza.

3.0 Bendera na Shamba la Mbuni

Mwezi Aprili 1877 Shepstone aliitwaa Jamhuri ya Makaburu ya Transvaal kwa niaba ya Uingereza. Haggard alikuwamo katika msafara huo. Tarehe 24 Mei mwaka huo, siku ya kuzaliwa kwa Malkia Victoria, bendera ya Uingereza ilipandishwa rasmi mjini Pretoria, na kijana huyo akashiriki kwa mkono wake mwenyewe kuipandisha. Alijivunia tendo hilo kwa miaka mingi. Mwaka 1878, akiwa na umri wa miaka 22, alifanywa msajili wa Mahakama Kuu ya Transvaal.

Furaha hiyo haikudumu. Habari zilimfikia kwamba Lilly ameolewa na mtu mwingine. Haggard aliacha kazi ya serikali, akarudi Uingereza, na mwaka 1880 akamwoa Louisa Margitson, mrithi wa shamba la Ditchingham huko Norfolk. Wawili hao walisafiri hadi Natal kuanza maisha ya ufugaji wa mbuni katika shamba la Hilldrop, karibu na mji wa Newcastle. Walifika wakati mbaya. Makaburu walikuwa wameasi, na mwezi Februari 1881 majeshi ya Uingereza yalishindwa katika mlima Majuba, si mbali na shamba lao.

Hapo historia ilimfanyia Haggard jambo ambalo mtunzi wa tamthilia angelionea haya kulibuni. Wajumbe wa serikali waliotumwa kujadili masharti ya kuirudisha Transvaal kwa Makaburu walihitaji nyumba, nao wakaikodi nyumba ya Hilldrop. Kijana aliyeipandisha bendera mwaka 1877 alishuhudia masharti ya kuiteremsha yakijadiliwa mwaka 1881 chini ya paa lake. Katika nyumba hiyohiyo, mwezi Mei mwaka huo, alizaliwa mwanawe wa pekee wa kiume, Arthur John, aliyeitwa nyumbani Jock. Miezi michache baadaye familia ilirudi Uingereza, na Haggard akaanza kusomea sheria.

4.0 Dau la Ndugu Wawili

Kitabu chake cha kwanza, kilichotoka mwaka 1882, kilihusu siasa za Wazulu na majirani zao weupe. Riwaya mbili zilifuata mwaka 1884, nazo hazikumletea sifa wala fedha. Wakati huo Uingereza nzima ilikuwa ikizungumzia Treasure Island ya Robert Louis Stevenson, iliyotoka kama kitabu mwaka 1883. Haggard alimwambia ndugu yake kwamba haoni ajabu kubwa katika kitabu hicho. Ndugu yake akamjibu kwa dau dogo la fedha kwamba hawezi kuandika kitabu chenye hata nusu ya uzuri wake. Haggard alikubali. Kwa muda wa wiki sita hivi, jioni baada ya shughuli za sheria, aliandika King Solomon's Mines.

Kitabu kilitolewa na kampuni ya Cassell mwezi Septemba 1885. Mchapishaji alimpa Haggard hiari mbili: auze haki zake zote kwa pauni 100, au apokee mrabaha wa asilimia kumi. Haggard, aliyehitaji fedha, alikuwa karibu kuuza. Mhariri alipotoka chumbani kwa dakika chache, karani aliyekuwa ameketi kimya pembeni alimshauri achague mrabaha. Haggard alimsikiliza, na ushauri huo ukamfanya tajiri, kwani maelfu ya nakala ziliuzwa katika mwaka wa kwanza.

Siri ya mafanikio hayo ilikuwa nini? Kwanza, msimulizi wake. Allan Quatermain si shujaa wa kasri, bali ni mwindaji mfupi, mkavu, aliyechoka, anayekiri woga wake na kuomba radhi kwa uandishi wake mbaya. Pili, Haggard aliijenga nchi ya kubuni ya Kukuana kwa undani wa mtu aliyekaa Afrika: njia, vyakula, maamkizi, sherehe na siasa za ufalme. Msomaji huvuka jangwa na kuupita mlima akiwa bado anaamini, hata anapokutana na Gagool, ajuza ambaye umri wake hauhesabiki. Mbinu hii ya kuingia katika maajabu kupitia mlango wa mambo ya kawaida ndiyo iliyorithiwa na fantasia ya karne ya ishirini.

Hata makosa yake yanafundisha. Katika chapa ya kwanza, wageni weupe wanajiokoa kwa kutabiri kupatwa kwa jua. Wasomaji walitambua kwamba jua haliwezi kupatwa siku inayofuata usiku wa mwezi mpevu, wala giza lake haliwezi kudumu kwa muda aliouandika. Katika chapa za baadaye Haggard aliligeuza tukio hilo likawa kupatwa kwa mwezi.

5.0 Misururu Mitatu

Kazi za kubuni za Haggard zinazidi hamsini. Kwa msomaji anayeanza, yafaa kuzigawa zile zilizo muhimu katika misururu mitatu, ingawa mipaka yake inaingiliana.

5.1 Msururu wa Allan Quatermain

Baada ya King Solomon's Mines, Haggard alitoa Allan Quatermain mwaka 1887. Riwaya hii inaanza na msiba: Harry, mwana wa pekee wa Quatermain, amekufa kwa ndui akiwa anasomea utabibu, na baba asiye na la kumweka Uingereza anaamua kurudi Afrika. Safari inaanzia Lamu, inapita mto Tana na nchi ya Wamasai, na kuishia katika ufalme wa kubuni wa Zu-Vendis. Lamu haikuchaguliwa kwa kubahatisha. Ndugu yake Haggard, John, aliyeitwa Jack, alikuwa makamu wa balozi mdogo wa Uingereza kisiwani humo katika miaka ya 1880, na mwandishi alitumia pia kitabu cha Joseph Thomson cha mwaka 1885 juu ya nchi ya Wamasai.

Quatermain anakufa mwishoni mwa riwaya hiyo. Wasomaji hawakuridhika. Haggard alilazimika kurudi nyuma na kusimulia maisha ya awali ya mwindaji wake, na hivyo ukazaliwa msururu ambao haufuati mpangilio wa miaka ya kuchapishwa. Maiwa's Revenge ilitoka 1888 na Allan's Wife 1889. Baada ya kimya kirefu zilifuata nyingine, zikiwamo The Holy Flower ya 1915, ambayo wasafiri wake wanashukia Kilwa na kupambana na wafanyabiashara ya watumwa, na The Ivory Child ya 1916. Za mwisho zilichapwa baada ya mwandishi kufariki.

5.2 Msururu wa Wazulu

Hapa, kwa maoni yetu, ndipo penye kazi bora za Haggard. Nada the Lily ya mwaka 1892 ni riwaya ya enzi za Shaka ambayo wahusika wake wakuu wote ni Waafrika. Katika fasihi ya Kiingereza ya wakati huo jambo hilo lilikuwa geni kabisa. Humo tunaelezwa ujana wa Umslopogaas. Kisha kuna utatu wa Marie (1912), Child of Storm (1913) na Finished (1917). Utatu huu unaanzia mauaji ya msafara wa Makaburu wa Piet Retief mwaka 1838, unapitia vita vya ndugu wawili, Cetshwayo na Mbuyazi, mwaka 1856, na kumalizikia katika kuangamia kwa ufalme wa Wazulu baada ya vita vya 1879. Mzee Zikali, mganga kibete anayeulipizia kisasi ukoo wa Shaka, anaunganisha sehemu zote tatu. Ni tanzia ya taifa, na mwandishi anaomboleza kwa dhati kuanguka kwa dola ambalo serikali yake mwenyewe ililivunja.

5.3 Msururu wa Ayesha

She ilitoka kwa mfululizo katika gazeti la The Graphic kuanzia Oktoba 1886 hadi Januari 1887, kisha ikawa kitabu. Wasomi wawili wa Cambridge, Holly na Leo Vincey, wanavunjikiwa na chombo katika pwani ya Afrika Mashariki, kaskazini ya mdomo wa Zambezi, na huko bara wanamkuta Ayesha, malkia mwenye uzuri wa kutisha aliyeishi miaka elfu mbili akimngoja mpenzi aliyemwua kwa mkono wake. Riwaya tatu zilifuata: Ayesha (1905), She and Allan (1921), iliyomkutanisha malkia huyo na Quatermain na Umslopogaas, na Wisdom's Daughter (1923). Sigmund Freud aliitaja She katika kitabu chake cha tafsiri ya ndoto, na Carl Jung akamtumia Ayesha kuelezea sura ya mwanamke iliyofichika ndani ya nafsi ya mwanamume. J. R. R. Tolkien naye alikiri kuvutiwa nayo tangu utotoni.

6.0 Hazina na Kaburi

Mwaka 1891 Haggard alikuwa katika kilele cha umaarufu. Rafiki mmoja alimweleza juu ya hazina ya Waazteki iliyofukiwa Meksiko, na mwandishi aliyewatuma wahusika wake kutafuta almasi akaamua kwenda kutafuta dhahabu yeye mwenyewe. Yeye na mkewe waliondoka, wakawaacha watoto Uingereza. Hazina haikupatikana. Kilichowafikia Meksiko mwezi Februari kilikuwa habari kwamba Jock, mwana wao wa pekee, amefariki kwa surua. Hakuwa ametimiza miaka kumi.

Msomaji atakumbuka kwamba riwaya ya Allan Quatermain, inayoanza na baba anayemlilia mwanawe wa pekee, ilitangulia msiba huu kwa miaka minne. Atashangaa zaidi akijua kwamba Haggard aliitabarukia kwa Jock huyohuyo. Sisi hatudai kwamba kalamu ilitabiri. Tunachosema ni kwamba mtu anayezisoma riwaya za baada ya 1891 bila kuujua msiba huu hataelewa kwa nini kifo, kurudi kwa roho na kukutana tena kwa wapendanao vimezitawala kiasi kile. Haggard alipata mabinti watatu, wa mwisho, Lilias, akizaliwa mwaka 1892, lakini huzuni ya kijana wake hakuivua maisha yake yote.

Wala hakumsahau Lilly. Mumewe alipofilisika na kutoroka, na mwanamke huyo akabaki bila msaada, Haggard na familia yake walimtunza mpaka alipofariki mwaka 1909.

7.0 Mkulima na Mtumishi wa Umma

Katika nusu ya pili ya maisha yake, Haggard alijiona kuwa mkulima zaidi ya mtunzi. Alilima Ditchingham, akaandika shajara ya mwaka mmoja wa ukulima (1899), na mwaka 1902 akatoa Rural England, uchunguzi mkubwa wa hali ya mashamba katika mikoa mingi ya Uingereza. Mwaka 1895 aligombea ubunge, akashindwa kwa kura chache. Alitumikia tume ya serikali iliyochunguza mmomonyoko wa pwani na upandaji wa miti, na mwaka 1912 akapewa cheo cha Sir kwa utumishi huo, si kwa riwaya zake.

Mwaka 1914, akiwa mjumbe wa tume ya makoloni, alirudi Afrika Kusini baada ya miaka zaidi ya thelathini. Huko alikutana tena na Mazooku, mtumishi wake wa Kizulu wa siku za ujana, aliyewahi kumwokoa alipopotea porini usiku. Nchi ya Wazulu aliyoikuta ilikuwa imemegwa, na watu wake wamekuwa vibarua. Riwaya ya Finished, iliyotoka miaka mitatu baadaye, imebeba uzito wa safari hiyo.

Alifariki London tarehe 14 Mei 1925, na majivu yake yakazikwa katika kanisa la Ditchingham. Tawasifu yake, aliyoiandika zaidi ya miaka kumi kabla na kuifungia, ilichapishwa mwaka 1926.

8.0 Haggard katika Kiswahili

Mwaka 1929 Frederick Johnson, aliyekuja kuwa katibu wa kwanza wa Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki ilipoundwa mwaka 1930, alitoa Mashimo ya Mfalme Sulemani, tafsiri ya King Solomon's Mines. Mwaka huohuo ilitoka pia tafsiri ya riwaya ya Stevenson, Kisiwa chenye Hazina. Kwa hiyo vitabu viwili vilivyowekewa dau na ndugu wawili wa Norfolk viliingia katika Kiswahili pamoja. Allan Quatermain nayo ilifasiriwa katika miaka ya 1930. Kwa vizazi kadhaa vya wanafunzi, vitabu hivyo vilikuwa miongoni mwa masimulizi marefu ya kwanza kuyasoma kwa Kiswahili cha hati za Kirumi.

Taathira yake katika riwaya ya Kiswahili haiwezi kupimwa kwa mizani. Fasihi yetu ilikuwa na maajabu yake kabla ya Johnson: tendi, hekaya za majini, ngano za masultani. Hata hivyo, tafsiri hizo zilizoeza macho ya msomaji umbo la nathari ndefu, yenye siri inayofumbuliwa sura kwa sura. Muhammed Said Abdulla alipoanzisha msururu wa Bwana Msa kwa Mzimu wa Watu wa Kale, iliyochapishwa mwaka 1960, alikuta wasomaji waliokwisha kuzoea umbo hilo.

Jambo jingine la mwaka 1929 linastahili kukumbukwa. Katika King Solomon's Mines, barabara kuu na sanamu kubwa za Kukuana hazikujengwa na wenyeji; zinahusishwa na wageni wa kale waliotoka kaskazini. Wazo hilo halikubaki katika riwaya. Mwaka 1896 Haggard aliandika dibaji ya kitabu cha Alexander Wilmot juu ya Monomotapa, kilichoyanasibisha magofu ya Zimbabwe Kuu na wageni wa namna hiyo. Lakini David Randall-MacIver alikuwa amekwisha kuonyesha mwaka 1905 kwamba magofu hayo ni kazi ya Waafrika, na mwaka 1929 Gertrude Caton-Thompson alilithibitisha hilo kwa uchimbaji wake. Hivyo mwaka uleule ambao akiolojia iliwarudishia wajenzi jengo lao, mwanafunzi wa Afrika Mashariki alipewa kwa lugha yake hadithi iliyowanyang'anya.

9.0 Tusome Nini, na kwa Jicho Gani?

Kutokana na hayo, mapendekezo yetu ni haya. Anayeanza asianze na King Solomon's Mines, ijapokuwa ndiyo mashuhuri zaidi. Aanze na Nada the Lily, ambamo Waafrika ni watu kamili wenye fitina, mapenzi na utukufu wao. Kisha asome Marie, Child of Storm na Finished kwa mpangilio huo. Ndipo arudi King Solomon's Mines na Allan Quatermain, akiwa na zana za kuona kilichopo na kilichokosekana. She isomwe peke yake, kwa nguvu ya taswira zake. Riwaya tatu zilizoifuata ni za mpenzi aliyekwisha kunaswa. Aliye na nakala ya Mashimo ya Mfalme Sulemani ailinganishe na Kiingereza chake, kwani humo mna somo zima la nadharia ya tafsiri.

Kuhusu jicho, tusidanganyane. Haggard aliamini himaya ya Uingereza. Katika riwaya yake ya 1885, Foulata, msichana wa Kiafrika anayependana na nahodha Mwingereza, anauawa na mwandishi kabla mapenzi hayo hayajamtia mashakani. Zu-Vendis ni ufalme wa watu weupe uliopandikizwa katikati ya Afrika. Hayo ni ya kutajwa darasani bila kumung'unya maneno. Lakini katika riwaya hiyohiyo ya 1885, mfalme Ignosi anapowaaga wageni wake anaapa kuifunga nchi yake dhidi ya wafanyabiashara wenye bunduki na pombe, na dhidi ya wahubiri. Mwandishi mtetezi wa himaya alimpa Mwafrika hoja dhidi ya himaya, na hakuijibu.

Waandishi wa Kiafrika waliitambua mapema hali hiyo ya pande mbili. Nada the Lily ilifasiriwa kwa Kizulu na F. L. Ntuli kwa jina la Umbuso kaShaka. Sol Plaatje, aliyeandika Mhudi, iliyochapishwa mwaka 1930, hakuficha kwamba mtindo wa Haggard ulikuwa mbele ya macho yake. Lakini alichukua mtindo na kuuacha mtazamo, akaieleza historia ya Wabarolong na Wamatebele kwa upande wao wenyewe.

10.0 Hitimisho

Tuliahidi kumrudia mzee M'hlopekazi. Haggard alisimulia katika kumbukumbu zake kwamba mzee huyo alipoarifiwa kuwa jina lake liko vitabuni na linajulikana na watu wengi, aliuliza kama mwandishi amepata fedha kwa vitabu hivyo. Alipojibiwa kuwa ndiyo, alitaka apelekewe nusu. Haggard aliliona jambo hilo kuwa la kuchekesha, akampelekea kisu kizuri cha kuwindia kilichochorwa jina lake. M'hlopekazi alifariki mwaka 1897.

Sisi hatuoni la kuchekesha katika dai hilo. Mwandishi aliyeokolewa na ushauri wa karani juu ya mrabaha alipaswa kuelewa kuliko mtu yeyote kwamba hadithi ina mwenyewe, na kwamba mwenyewe ana fungu lake. Dai la mzee halikulipwa kwa fedha, wala sasa haliwezi kulipwa hivyo. Lakini kila msomaji wa Kiafrika anayemsoma Haggard akijua kilichotoka Natal na kilichotoka Norfolk, kila mfasiri anayemhamisha akijua anachokihamisha, na kila mtunzi anayefuata mfano wa Plaatje, huchukua sehemu ya nusu hiyo. Kwa sababu hiyo, mwenzetu akituuliza tunapendekeza msururu gani, tutamtaja Haggard, na papo hapo tutamtajia na mzee mwenye shoka.